Hivyo vidonge viache kwanza

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa barazani peke yangu. Unaniuliza kama umeze diazepamu, kidonge cha kulalia alichokugawia mwenzako wa ofisini, maana unashtuka saa tisa usiku moyo unaenda mbio na usingizi haurudi tena mpaka adhana. Ukamalizia, "Mama, ni kazi tu, nikilala nitakuwa sawa."

Usimeze. Nimefanya uuguzi miaka 31, nimewaona walioanza na kidonge kimoja cha kulalia; baada ya wiki chache kimoja hakitoshi, na wakitaka kuacha mwili unagoma. Ile dawa ina kazi yake, lakini anaiandika daktari aliyekupima. Haigawanwi kama karanga.

Ninalotaka hasa tulizungumze ni hilo neno lako, "kazi tu".

Zamani pale zahanati mtoto akiletwa na mwili wa moto tulikuwa tunaandika malaria. Tulitoa klorokwini mpaka 2001, ikaja dawa ya SP, baadaye dawa ya mseto. Haukuwa uvivu, hadubini hatukuwa nayo, na Muheza hii malaria ilikuwa kila nyumba. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Nasi tukaletewa vile vipimo vya tone la damu kidoleni, dakika kama 15 una majibu. Mwanangu, nilishtuka. Watoto niliokuwa tayari kuapa kwamba ni malaria, kipimo kinasema hapana. Huyu ana nimonia, yule ana maambukizi ya njia ya mkojo. Nikawakumbuka wa miaka ya nyuma niliowarudisha nyumbani na dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Mpaka leo nawakumbuka.

Nikikusikia unasema "kazi tu" naiona ile kadi ya kliniki nikiandika malaria bila kupima.

Sikukuambia haya ulipokuwa mdogo. Mwaka 2004 kichwa kiliniuma mpaka nikawa nashika ukuta, presha 160 kwa 100. Kila mtu alisema ni zamu za usiku, na mimi nikaamini. Nikaomba nitolewe, wakanitoa, kichwa kikabaki palepale. Dada mmoja mkubwa kazini akanipa kalenda, akaniambia nitie alama kila siku kinapouma. Baada ya miezi miwili tukaitazama pamoja: alama zilijazana kuanzia tarehe 20 mpaka siku ya mshahara. Hapo nikalia mbele yake. Nilikuwa nimemdhamini mwenzangu mkopo wa chama cha akiba, akahama, akaacha kulipa, nikawa nakatwa mimi. Baba yako hakujua. Kila ikifika tarehe hizo nilikuwa natunga uongo wa kumweleza pesa imekwenda wapi.

Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?" Tukaenda wote kwenye kamati, wakapunguza makato ya kila mwezi. Deni lilichukua mwaka na zaidi kuisha, lakini kichwa kilipoa mwezi uleule. Presha nayo haikuondoka, vidonge vyake nameza hadi leo, na sitakudanganya kwamba kuujua mzizi kunatibu kila kitu.

Sasa wewe. Desemba ulikaa hapa siku 12, ofisi yenu imefungwa. Hata hivyo simu ikitetemeka ulikuwa unaweka kijiko chini, unaitazama kwa woga kabla hujaishika. Mjomba wako anataka bati. Mdogo wako ada ya chuo. Kundi la harusi ya binamu yako, kila asubuhi orodha ya ambao hawajachanga. Jana nikafungua simu yangu nikahesabu ujumbe niliokutumia mimi mwenyewe tangu Januari. Ni 23, na 17 kati yake naomba pesa, yangu au ya mtu aliyepitia kwangu. "Mwanangu tusaidie kidogo," nimeandika mara zote hizo kama mtu anayetoa salamu. Nisamehe sana, mama yangu.

Lakini sisemi ndicho chanzo, maana na mimi nitakuwa naandika malaria. Pima. Kwa wiki mbili, kila moyo ukianza kwenda mbio andika daftarini saa, na kilichotokea muda mfupi kabla. Neno "kazi" usiliandike; andika bosi alisema nini, au nani alipiga. Kama ni mimi, niandike. Na kama kuna mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, umeuchukua kwenye simu, niambie. Sitafoka. Najua kuficha deni kulivyo.

Ila ukisikia maumivu ya kifua, au ukaanza kuona afadhali usingekuwepo, usisubiri daftari. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo Dar, Muhimbili wanao madaktari wa akili, na kumwona daktari huyo si aibu hata kidogo. Nipigie hata kama ni usiku wa manane.

Mjomba wako nimeshamwambia bati zisubiri machungwa yauzwe. Alinuna, nitamvumilia mimi. Mdogo wako shida zake atazileta kwangu kwanza. Pensheni ni ndogo lakini ipo. Kwenye kundi la harusi jitoe leo, wakiuliza watajibiwa na mimi.

Kesho basi la asubuhi linakuletea kiroba cha machungwa, nenda stendi ya Mbezi jioni ukakichukue. Daftari nimelifunga kwenye nailoni, liko katikati ya machungwa. Kalamu pia nimeweka.

Mama yako