"Sorry" siyo "pole" moja kwa moja: jibu kwa msomaji wa Arusha

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, "sorry" ina maneno gani mengine yenye maana hiyohiyo. Pili, kwa nini mgeni wako wa Kiingereza alipojikwaa akishuka kwenye gari, ukamwambia "sorry", akakujibu kwamba siyo kosa lako. Naanza na hilo la pili, maana ukilielewa, la kwanza linanyooka lenyewe.

Nilitunza wazee Uingereza kwa miaka sita, na neno hili liliniponza mwezi wa pili tu. Nilikuwa nakunja mashuka mwisho wa korido. Bibi mmoja akatoka chumbani na kigari chake cha kutembelea, gurudumu likanasa kwenye ukingo wa zulia, akaenda chini kwa goti. Nilitupa shuka nikakimbia, njia nzima nasema "sorry, sorry, sorry mama", kama ambavyo ningempa pole mtu yeyote aliyeanguka sokoni kwetu Tanga. Mwenzangu mmoja akaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba mhudumu aliomba radhi. Kesho yake naitwa ofisini: uliomba radhi kwa lipi, ulimfanya nini? Na mimi nilikuwa mbali naye vyumba vinne! Nililia siku ile. Huruma yangu ilikuwa imesomwa kama kukiri kosa. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba hata sheria yao, Compensation Act ya mwaka 2006, kifungu cha 2, inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe.

Shida ni kwamba "sorry" imebeba mizigo miwili ambayo sisi tumeigawa. Tuna "pole", ya kumwonea mtu huruma, na tuna "samahani", ya aliyekosa. Mwingereza ana neno moja, na akilisikia peke yake, bila maelezo, mara nyingi anasikia samahani. Asili yake hata hivyo ni ya upande wetu. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", mtu mwenye maumivu au huzuni, na ni ndugu wa "sore", neno la kidonda au sehemu inayouma. Wengi hudhani limetoka kwenye "sorrow", lakini hayo ni maneno ya mizizi tofauti yaliyokuja kufanana.

Kipimo ninachokitumia mpaka leo ni hiki: jiulize mwenzako angekujibu nini kwa Kiswahili. Angejibu "asante" au "nimeshapoa", basi ulichotaka kusema ni pole. Angejibu "usijali" au "bila samahani", basi ni samahani. Kwa Kiingereza majibu nayo yanatengana hivyohivyo: aliyefiwa akipewa pole hujibu "thank you", aliyekanyagwa mguu akiombwa radhi hujibu "that's all right". Mgeni wako alikujibu kama aliyeombwa radhi, basi.

Kwa hiyo mtu akijikwaa mbele yako, uliza kwanza: "Are you all right?" Hiyo ndiyo pole yao ya haraka. Ukitaka kutumia "sorry", ipe mkia: "I'm so sorry that happened." Ule mkia ndio unaoiondoa kwenye kosa na kuipeleka kwenye huruma. Msibani ni "I'm sorry for your loss", na kwenye kadi unaweza kuandika "my condolences". Lakini pole na kazi na pole na safari usizitafsiri kabisa. Anayefika kutoka uwanja wa ndege muulize "How was your journey?", inatosha na inapokelewa vizuri.

Maneno mengine yana mahali pake. "Excuse me" husemwa kabla ya kumsumbua mtu, yaani unaomba njia au unamwita mhudumu. "Sorry" huja baada ya kumgonga. Marekani "excuse me" hutumika hata baada. Hukusikia? Uingereza ni "Sorry?" kwa sauti inayopanda, au "Pardon?". "What?" peke yake inakwaruza, usimwambie mgeni. Halafu kuna "I'm afraid", ambayo haina hofu yoyote ndani yake: "I'm afraid we're full" ni njia ya upole ya kusema nafasi zimejaa.

Sasa "apologise" na "regret". Hapa naomba watu wa kutafsiri wawe makini sana. "Apologise" ni kuomba radhi: nimekosa, nakiri. "Regret" ni kusikitika kwamba jambo limetokea, na anayesikitika si lazima awe amekiri. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alipotangaza bungeni London malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, alisema serikali yake "sincerely regrets", na papo hapo akasema inaendelea kukana dhima ya kisheria. Mfalme Charles akiwa Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023 alitaja huzuni na "deepest regret". Siku iliyofuata, Songea, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa waliyotendewa babu zetu katika vita vya Maji Maji. Ukiandika "ameomba msamaha" kwa wote watatu, umewapa wawili wa kwanza neno ambalo walilikwepa kwa makusudi, na umewanyima wazee wa Kenya haki ya kujua kwamba hawajaambiwa hilo neno.

Mwisho, ile barua pepe unayotaka kumwandikia mgeni aliyecheleweshewa gari. Gari lilikuwa lenu na dereva alikuwa wenu, kwa hiyo usiandike "we regret". Hiyo ni lugha ya barua za kukunyima kazi. Andika: "We apologise for the delay. The driver left late and that was our mistake." Ila kama ndege yake ndiyo iliyochelewa, andika "We were sorry to hear about your flight", na hapo hakuna atakayedhani ndege ni yenu.