Kwa dada aliyeuliza kuhusu boksi la skwoshi

Dada, umesema umejiunga na klabu ya skwoshi, ule mchezo wa raketi wa watu wawili ndani ya chumba, huku Uingereza, ukaambiwa uandike jina lako kwenye "boksi", na unaogopa kwa sababu hujashika raketi tangu ulipokuwa ukicheza kwenye klabu ya Gymkhana ya Dar es Salaam. Umeuliza pia kama ni lazima uchezee timu. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye ligi za namna hii. Nilifika kutoka Mombasa na raketi moja na sikuwa na mtu hata mmoja wa kucheza naye. Nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa mimi nilijifunza mengi ya haya kwa kupoteza mechi.

Boksi ni hivi. Klabu inawapanga wachezaji wote waliojiandikisha kwa uwezo, kuanzia mkali wa kwanza mpaka anayeanza, halafu inawagawa makundi ya watu watano au sita. Kila kundi ni boksi. Ndani ya wiki nne au sita, kila mtu anatakiwa acheze mara moja na kila mwenzake wa boksi. Muda ukiisha pointi zinajumlishwa, mmoja au wawili wa juu wanapanda boksi, wa chini wanashuka, na mzunguko mwingine unaanza. Wanawake na wanaume kwa kawaida wamo pamoja, kinachoangaliwa ni uwezo tu. Kwetu boksi la pili kwa sasa linaongozwa na mama wa watoto watatu mwenye lobu, yaani pigo la kuuinua mpira juu uangukie nyuma ya kiwanja, ambayo sijaona mwanamume wa boksi lile anayeijibu vizuri.

Jambo la kulielewa mapema ni kwamba boksi halina ratiba. Hakuna atakayekuambia Jumanne saa moja jioni uko kiwanja cha pili. Unapewa majina na namba za simu, basi. Mnatafutana wenyewe, mnakata kiwanja wenyewe, mnaandika matokeo wenyewe. Mtu anayengoja kutafutwa hachezi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nafanya kazi za zamu hospitalini, usiku wiki hii, mchana wiki ijayo, na kila mzunguko nilijiambia nitapanga mechi zangu nikishajua zamu. Nilipokuja kujua zamu zangu, viwanja vyote vya jioni vilikuwa vimeshachukuliwa na wenzangu walikuwa wamekwisha kupangana wao kwa wao. Mzunguko mmoja nilicheza mechi mbili, nikashinda zote mbili, na bado nilishuka boksi.

Nilikasirika sana siku ile. Nilidhani nimeonewa, mpaka nilipokaa nikapiga hesabu ya pointi. Kila klabu ina hesabu yake, lakini ya kwetu inafanana na nyingi nilizoziona: pointi moja kwa kufika na kucheza, pointi moja kwa kila gemu unayoshinda, na pointi mbili zaidi kwa mshindi wa mechi. Mechi ni gemu tano, kila gemu ikichezwa hadi pointi 11, na anayetangulia kushinda tatu ndiye mshindi. Kwa hiyo mshindi anaondoka na 6 kila mara. Aliyefungwa 3 kwa 0 anapata 1, aliyefungwa 3 kwa 1 anapata 2, aliyefungwa 3 kwa 2 anapata 3. Mechi zangu mbili nilizoshinda zilinipa 12. Katika boksi lile lile alikuwamo mzee mmoja aliyecheza mechi zake zote nne na kufungwa zote nne, kila moja 3 kwa 2. Naye alikuwa na 12. Wale watatu wengine walikuwa juu yetu, na sheria ya klabu yetu ni kwamba pointi zikilingana, aliyecheza mechi nyingi ndiye anayebaki juu. Mzee akabaki, mimi nikashuka.

Leo naitetea hesabu ile mbele ya yeyote. Ligi hii imewekwa ili watu wacheze, na yule mzee ndiye aliyeitendea haki. Alikuja usiku wa baridi mara nne, akapigania gemu ya tano mara nne, na watu wanne wengine wakapata mechi nzuri kwa sababu yake. Mimi niliwanyima watu wawili mechi zao.

Kwa hiyo siku orodha ikitoka, usiku huo huo waandikie wote wanne ujumbe mmoja. Usiwaulize "tucheze lini?" kwa sababu swali hilo huzunguka kwenye simu wiki nzima. Taja siku mbili na saa: "Mimi naweza Alhamisi saa mbili usiku au Jumapili saa nne asubuhi, nani anachukua ipi?" Ukiwa na kazi za zamu, waambie tangu mwanzo. Watu wanakuwa waelewa sana wakijua mapema. Na ukimwahidi mtu kisha ukaumwa, mpigie simu, usimwachie ujumbe nusu saa kabla. Kukata kiwanja ni fedha, na mwenzako huenda amemwachia jirani mtoto ili aje.

Kuhusu hofu ya kufungwa: mzunguko wa kwanza utafungwa, na huenda vibaya. Klabu haijui uwezo wako, kwa hiyo itakuweka chini au itakisia. Mizunguko miwili mitatu ikipita utakuwa umefika mahali pako, na hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu mtu unayemkuta kila wiki ni yule ambaye leo unamfunga 11 kwa 9 na mwezi ujao anakufunga 11 kwa 9. Sijui mchezo mwingine unaomletea mtu mzima asiye na jina lolote mpinzani wa kiwango chake, mwezi baada ya mwezi, bila kocha wala ratiba.

Ikiwa ulijifunza zamani, utakuta hesabu ya gemu imebadilika. Sisi tulifundishwa kucheza hadi 9, na pointi ilikuwa ya aliyeanzisha mpira tu. Wanaume wa kulipwa walianza kutumia hesabu ya 11 mwaka 2004, na tangu 2009 ndiyo hesabu rasmi ya mchezo: kila mpira ni pointi hata kama hukuanzisha wewe, na ikifika 10 kwa 10 lazima mtu aongoze kwa mbili. Kwa hesabu ya zamani Jahangir Khan wa Pakistani na Gamal Awad wa Misri walicheza mechi moja ya saa mbili na dakika 46 hapa Uingereza mwaka 1983, na gemu ya kwanza peke yake ilikula zaidi ya saa nzima. Mechi zetu za boksi siku hizi zinaingia vizuri ndani ya dakika 40 au 45 ambazo klabu nyingi zinakodisha kiwanja.

Mpira nao utakushangaza. Mpira wa skwoshi haudundi mpaka upate joto, maana hewa iliyo ndani na raba yenyewe zinahitaji kupashwa. Mombasa hatukulifikiria jambo hilo hata siku moja. Ukiupiga mara kumi umeshawaka, na kazi yako inakuwa kuuzuia usikimbie. Huku mwezi wa Januari kiwanja ni baridi kama friji, na mpira ukifika kona ya nyuma unakufa pale pale. Mchezo wangu wote ulikuwa wa kungoja mpira udunde ukuta wa nyuma urudi, na majira ya baridi ya kwanza haukurudi. Tumieni dakika zenu za kupasha mpira kwa kuupiga kwa nguvu kweli kweli. Na mkiwa boksi za chini, kubalianeni kutumia mpira wa nukta moja ya njano. Ule wa nukta mbili ndio wa wachezaji wa kulipwa na ndio unaouzwa kila duka, kwa hiyo watu wanaununua bila kufikiri. Wa nukta moja ni wa ukubwa ule ule ila unakaa hewani kidogo zaidi, na kwa watu wa kiwango chetu ile nafasi ndogo ndiyo inayofanya mpira upigwe mara kumi na tano kabla ya pointi kupatikana, badala ya mara tatu. Nimewahi kuwashawishi watu wa boksi zima tuubadilishe, na mmoja aliyekuwa ameanza kusema ataacha mchezo bado anacheza.

Sasa jambo zito kuliko yote, na ndilo hasa lililonifanya nikae niandike. Mechi za boksi hazina refa. Mko wawili ndani ya chumba cha mita 9.75 kwa 6.4, kila mmoja ana raketi, na mnapishana mahali pale pale. Mtagongana, hilo ni hakika. Sheria inasema ukishapiga mpira lazima ufanye juhudi zote kumpisha mwenzako: aone mpira, aufikie kwa njia ya moja kwa moja, apate nafasi ya kuzungusha raketi, na aweze kuupiga ukuta wote wa mbele. Ukimzuia na yeye angeweza kuurudisha, ni leti, mpira unachezwa upya. Ukimzuia na pigo lake lingekuwa la ushindi, au ungepigwa na mpira uliokuwa ukienda moja kwa moja ukuta wa mbele, ni stroki, pointi ni yake. Kama asingeufikia hata angepishwa, hakuna leti.

Kwenye karatasi ni rahisi. Ndani ya kiwanja, gemu ya tano, 9 kwa 9, moyo unadunda, kila mtu anaona lake. Nilichojiwekea ni kutoa stroki mwenyewe kabla sijaombwa. Nikijua nilikuwa njiani, nasema "stroki, yako," na narudi kupokea. Mara mbili ukifanya hivyo, mpinzani naye anaanza kufanya, na mechi inakuwa safi. Lingine ni hili: ukiwa na shaka hata kidogo kwamba raketi au mpira utampata mwenzako, acha pigo, omba leti. Niliwahi kumpiga mtu mgongoni kwa mpira kwa sababu nilidhani atakwepa. Alama ile ya duara ilikaa siku nyingi. Aliniambia si kitu, lakini mimi haikunitoka moyoni, na tangu siku hiyo sijapiga nikiwa na shaka.

Timu si lazima. Wengi wanacheza boksi miaka yote na hawagusi timu. Ila ukiombwa, kubali. Ligi za timu ni za eneo zima, klabu kwa klabu, zinaanza Septemba au Oktoba mpaka Machi au Aprili, na kuna madaraja ya kupanda na kushuka. Timu ina watu watatu, wanne au watano, kutegemea ligi. Mnapangwa kwa nguvu, namba moja wenu anacheza na namba moja wao, na nahodha haruhusiwi kumficha mchezaji mkali chini ili avune pointi. Ligi nyingi hazihesabu ushindi peke yake, zinahesabu na gemu. Ndiyo maana namba tano aliyefungwa 3 kwa 2 hupigiwa makofi ya kweli na timu yake.

Usiku wangu wa kwanza wa timu nilifungwa 3 kwa 0 ugenini, kwa haraka sana. Nikatoka natafuta pa kujificha, nahodha akanipa karatasi na kalamu: sasa wewe unahesabu mechi inayofuata. Kwenye ligi hizi wachezaji wenyewe ndio marefa. Sikujua hata nitamke nini. Mwenyeji mmoja mwenye mvi, mtu wa timu pinzani, akaja akaketi kando yangu na kila kulipotokea mgongano alininong'oneza, "Angalia miguu ya aliyepiga, je, aliondoka?" Mpaka leo nikiwa refa naangalia miguu kwanza. Baada ya mechi wenyeji wakatulisha, wali na mchuzi wa kuku, maana desturi ni mwenyeji kumlisha mgeni wake, na wale waliokuwa wakivutana kiwanjani wakawa wanapeana bakuli mezani. Usikimbilie nyumbani usiku wa namna hiyo. Marafiki wangu wa nchi hii karibu wote nimewapatia kwenye meza zile.

Viatu: vya soli isiyochora sakafu, la sivyo hawatakuruhusu kuingia. Miwani ya kinga: kwenye mashindano ya England Squash, chama cha skwoshi cha England, vijana wa chini ya miaka 19 wanatakiwa kuivaa, watu wazima wameachiwa hiari. Mimi naivaa, na nakuomba nawe uivae. Mpira ule una upana wa milimita 40, unaingia kwenye tundu la jicho, jambo ambalo mpira wa tenisi hauwezi.

Orodha za maboksi kwa kawaida hutoka mwanzoni mwa mwezi. Mwandikie msimamizi wa maboksi wa klabu yako leo, mwambie ukweli kuhusu ulipofikia Dar na miaka uliyokaa bila kucheza, akuweke boksi la mwisho au la pili kutoka mwisho. Ukishapata majina yako manne, rudi hapa unieleze ni watu wa namna gani, nikusaidie kupanga uanze na yupi.