Jiwe la Koru lenye umbo la konokono

Ndugu, umeuliza kama konokono kwenye jiwe uliloliokota karibu na machimbo ya Koru, magharibi mwa Kenya, ni kisukuku kweli, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mwamba. Likwaruze pembeni kwa msumari, kisha dondoshea siki kwenye ule unga. Ukitoa povu dogo, hilo ni jiwe la chokaa. Siki usiimwagie konokono mwenyewe, itamla.

Sasa mtazame kwa lenzi asubuhi, jua likiwa chini. Mizunguko ya gamba halisi hupanuka polepole kuanzia kwenye ncha. Michoro myeusi kama vitawi vya mti mara nyingi ni madini ya manganizi tu. Mimi ilinidanganya mwaka mzima.

Na usidhani hapo palikuwa bahari! Chokaa ya huko inatokana na majivu ya volkano ya Tinderet, yaliyofunika viumbe wa nchi kavu miaka kama milioni 20 iliyopita. Machimbo ya chokaa ndiyo yaliyoibua mifupa Koru miaka ya 1920, akiwemo Proconsul africanus, sokwe wa kale aliyepewa jina mwaka 1933.

Ukiona jino au mfupa, usiuchokoe. Piga picha, weka alama mahali, uwaarifu Makumbusho ya Taifa.