Mbona Krismasi inaanza Oktoba?

Ndugu, umeuliza kwa nini supamaketi za Kisumu zimeshatundika mapambo ya Krismasi na Oktoba haijaisha. Kubwa ni mzigo. Taa na miti ile ya plastiki, mingi hutoka China kwa meli hadi Mombasa, safari ya wiki kadhaa. Iliagizwa zamani, na pesa ya mwenye duka imelala humo. Ikifika tarehe 26 Desemba, nani atainunua?

Halafu wenye maduka wanatujua: Januari ni karo na sare, kwa hiyo wanaiwahi shilingi yako kabla hujaipangia shule. Mimi nguo za watoto natafuta soko la Kibuye mapema, kabla msongamano wa Desemba haujapandisha bei.