Muulize Fundi: DVD ya baba imekwama ndani ya kompyuta

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina kompyuta ya mezani ya zamani. Juzi niliweka DVD ya sendofu ya dada yangu ya mwaka 2009, umeme ukakatika katikati, na uliporudi trei ikagoma kutoka. Nikibonyeza kitufe inaunguruma kidogo, kisha kimya. Humo ndani marehemu baba anapiga zeze na kumuusia dada kwa Kigogo, na nakala nyingine hatuna. Kijana wa jirani anataka kuichokonoa kwa bisibisi. Nimruhusu?
Msomaji, Kibaigwa, Kongwa

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Usimruhusu. Bisibisi hiyo ikae mbali kabisa na DVD ya baba yako. Trei ikiwa imefungwa, diski huwa imebanwa katikati kwa sumaku, juu ya kitovu kinachoizungusha, na jicho la leza liko chini yake, karibu mno. Ukilazimisha trei, diski inakwaruzwa au inapata ufa kuanzia kwenye tundu la katikati, na ufa hauna dawa. Deki ya kompyuta, yaani kile kifaa chenye trei kinachosoma DVD, inanunuliwa nyingine. Sauti ya mzee hainunuliwi.

Huo muungurumo unaousikia ni dalili njema. Mota ni nzima, ila nguvu yake haifiki kwenye trei. Deki nyingi za mezani zina mkanda mdogo wa mpira unaotoka kwenye mota kwenda kwenye giya, na miaka ikienda mpira huo unalegea au unakuwa mgumu, unateleza. Sisi wa Dodoma tuna nyongeza yetu, vumbi. Deki nyingi ninazofungua hapa Majengo msimu wa upepo, grisi ya giya imeshikana na vumbi jekundu hadi imekuwa nzito kama ugali wa uwele. Umeme kukatika huenda kumeiachia tu diski mahali pabaya, kwa mkanda uliokwisha kuchoka.

Kwanza jaribu njia ya ndani: bofya alama ya deki kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Eject. Ikikataa, usiendelee kuibonyeza.

Sasa zima kompyuta na uchomoe waya ukutani. Hili usilipuuze, kwa sababu diski inayozunguka haitakiwi kuguswa. Subiri kidogo, kisha tazama uso wa deki kwa tochi ya simu. Chini ya mlango wa trei, karibu na kitufe, kuna kitundu kidogo kinachoweza kupitisha pini nyembamba. Watu wengi wanakipita macho miaka yote, na kiliwekwa kwa ajili ya siku kama hii. Nyoosha klipu ya karatasi, ile ya chuma. Usitumie njiti ya meno, itavunjikia ndani. Iingize moja kwa moja bila kuinamisha, hadi uhisi kitu kinakusukuma. Sukuma taratibu, kwa uthabiti. Pini inasogeza kipande kinachoshusha kitovu, diski inaachiwa na kufuli ya trei inalegea. Trei itachomoza kidogo tu. Hapo weka klipu chini, shika trei kwa vidole na uivute polepole. Ikikwama njiani irudishe nyuma kidogo, kisha vuta tena.

Ikigoma kabisa, deki itolewe kwenye kompyuta na ifunguliwe mezani, waya zote zikiwa zimechomolewa. Chini yake kuna skrubu, kwa kawaida nne. Hapo mwite fundi, na umwambie mapema, kabla hajashika kitu, kwamba unataka diski, deki ife ikibidi. Fundi asiyejua hilo atajitahidi kuokoa deki.

DVD ikitoka, ishike ukingoni. Ikiwa na vumbi, ifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Usiianike juani wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari, kwani diski za kurekodia huharibika kwa jua na joto.

Halafu, siku hiyohiyo, inakili. Usiirudishe kwenye deki ile. Azima deki ya nje ya kuchomeka kwa USB, au nenda kwa mwenye kompyuta yenye deki nzima. Nakili folda yote ya VIDEO_TS, ile inayobeba video yenyewe ndani ya DVD, siyo faili moja moja. DVD ya kawaida ya kurekodia inabeba GB 4.7, hivyo flashi ya GB 8 inatosha. Tengeneza nakala mbili, moja ibaki kwako, nyingine mpe dada yako, na kabla ya kuondoka kwenye kompyuta hiyo fungua nakala usikilize hadi pale mzee anapoanza kuongea.