Maswali ya Wasomaji: "Umeorodhesha, Hujachambua"

Shikamooni. Niko mwaka wa tatu, Morogoro. Utafiti wangu unahusu VICOBA (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana) na wanawake wauza mboga. Msimamizi amenirudishia sura ya pili, ya mapitio ya tafiti zilizotangulia, mara tatu, na kila mara ameandika pembeni: "Umeorodhesha, hujachambua." Nimesoma kazi 22. Anataka nini zaidi?

Marahaba. Kazi 22 kwa shahada ya kwanza zinatosha, usiongeze hata moja. Tazama tu aya zako zinavyoanza. Kama kila moja inaanza na jina la mtu (fulani alichunguza hiki, fulani naye akabaini kile), umeandika daftari la mahudhurio, na ndicho anachokilalamikia.

Chora jedwali lenye safu tano: mwandishi na mwaka, mahali, mbinu na idadi ya waliohojiwa, matokeo, kilichoachwa. Kila kazi ipate mstari mmoja, kwa maneno yako, si kwa kunakili ikisiri. Safu ya tano wengi huiacha tupu, na ndiyo yenye mali.

Ukishajaza, soma jedwali kwa kushuka, safu moja baada ya nyingine. Safu ya mahali huenda ikaonyesha kwamba karibu wote walikuwa Dar es Salaam. Ya mbinu, kwamba wote waligawa hojaji na hakuna aliyefungua daftari la kikundi. Ya matokeo, kwamba baadhi wanasema mkopo ulikuza mtaji, wengine wanasema uliishia kwenye ada na matibabu. Hizo ndizo mada za sura yako.

Aya sasa ianze na hoja: "Tafiti hazikubaliani kuhusu matumizi ya mkopo wa kikundi." Majina yaingie kwenye mabano, wa upande huu na wa upande ule. Kisha eleza kwa nini wanatofautiana. Pengine hawa walihoji miezi michache baada ya mkopo, wale baada ya miaka miwili. Sentensi hiyo moja ndiyo uchambuzi anaoutafuta msimamizi wako. Malizia kwa kuonyesha utafiti wako unaingia wapi.

Na usiandike kwamba pengo ni "hakuna utafiti uliofanyika Morogoro". Hata kijijini kwenu haujafanyika. Eleza Morogoro ina nini kinachoweza kubadili matokeo: mboga zinashuka kutoka milima ya Uluguru, safari fupi, kwa hiyo huenda muuzaji ananunua kwa mkulima mwenyewe bila dalali, na mkopo wake unazunguka kwa namna nyingine.

Niliandika kwamba nitahoji watu 100 kati ya wafanyabiashara 1,200 wa kata tatu. Kwenye kutetea pendekezo nikaulizwa, "Mia imetoka wapi?" Nikakosa jibu.

Ilitoka hewani, na jopo limeona. Kwa hojaji, wengi hutumia kanuni ya Yamane: n = N ÷ (1 + N × e²). n ni idadi ya watakaohojiwa, N ni idadi ya walengwa wote, e ni kiwango cha kosa unachokubali, kwa kawaida 0.05. Kwako: 1,200 × 0.0025 = 3; ongeza 1, unapata 4; 1,200 ÷ 4 = 300. Ukisahau kuzidisha e kwa yenyewe utapata watu 20, na kosa hilo linatokea kila mwaka.

Wagawe kwa uwiano. Kata yenye wafanyabiashara 480 itatoa 480 ÷ 1,200 × 300, yaani 120. Ukitarajia hojaji 9 kati ya 10 zirudi, chapisha 334.

Kama nauli na muda haviruhusu 300, mia yako bado inateteka: kwa e ya 0.1 wanahitajika 93. Ila uandike wazi kwamba umekubali kosa la asilimia 10, maana jopo litauliza. Tena kanuni hii inadai uchague kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Ukihoji yeyote uliyemkuta sokoni, hesabu yote haina kazi. Kwa usaili wa kina usiitumie kabisa. Huko unaendelea hadi majibu yaanze kujirudia.

Ripoti ya Turnitin, programu inayopima maandishi yanavyofanana na kazi nyingine, imenipa asilimia 31, chuo kinataka isizidi 20. Rafiki anashauri nibadilishe maneno kwa visawe.

Usimsikilize. Fungua ripoti uone kilichopakwa rangi. Mara nyingi ni orodha ya marejeleo, nukuu na majina ya taasisi. Mwombe msimamizi aondoe marejeleo na nukuu kwenye hesabu, kisha usome asilimia upya.

Kinachobaki, hasa aya nzima inayofanana na chanzo kimoja, kiandike upya: soma chanzo, kifunge, andika ulichoelewa, kifungue tena kuhakiki, weka mwandishi na mwaka. Visawe vinaacha mifupa ya sentensi ya mwenzako palepale, na bila marejeleo huo bado ni wizi, hata ripoti ikisoma sifuri.

Uliza pia kama rasimu ya kwanza ilihifadhiwa kwenye hazina ya Turnitin. Kama ndiyo, ya pili inaweza kufanana na kazi yako mwenyewe kwa asilimia 90 na zaidi, na mwenye kuondoa ile ya kwanza ni msimamizi au maktaba, si wewe.