Kabla ya Kuongeza Gesi, Pima Bomba la Kimiminika

Fundi mmoja kijana wa Tanga ameniandikia akiuliza kwa nini kiyoyozi cha mteja wake hakipozi ilhali geji ya upande wa chini inasoma vizuri, na kama aongeze gesi kidogo. Swali lake limenikuta nikiwa bado na furaha ya kazi ya juzijuzi katika ofisi moja ya Dar es Salaam, ambako mafundi walionitangulia waliongeza gesi kwa zamu, na kompresa ikazidi kulemewa.

Mtambo ule wa mifereji ya hewa unatumia gesi ya R-410A na una vali ya upanuzi, inayopima kimiminika kinachoingia kwenye evaporeta (koili ya ndani inayopoza hewa), na kibandiko chake kinataka sabkulingi, yaani kiasi ambacho kimiminika kimepoa chini ya joto ambalo gesi hugeuka kimiminika, ya nyuzi 6 za Selsiasi. Baada ya kuosha kondensa (koili ya nje inayogeuza gesi kuwa kimiminika) na kuuacha mtambo ufanye kazi mpaka ukatulia, nilifunga geji kwenye bomba jembamba la kimiminika, nikabana kipimajoto kwenye shaba niliyoisugua kwa msasa, nikakizungushia sponji ili joto la nje lisikidanganye. Shinikizo lilikuwa psi 446, ambalo kwenye jedwali la gesi hiyo ni joto la kugeuka kimiminika la nyuzi 52, na bomba lenyewe lilikuwa nyuzi 38. Tofauti, yaani sabkulingi, ni 14, dalili ya gesi kuzidi au njia kuziba! Kwa kuwa joto kabla na baada ya kichujio lilikuwa sawa, sikuona dalili ya kuziba hapo. Nikavuta gesi kidogo kidogo kwa mashine hadi kwenye mtungi, mpaka nikapata psi 418, yaani nyuzi 49, na bomba nyuzi 43.

Msimamizi alitaka nimpunguzie malipo kwa sababu, kwa maneno yake, sikuweka kitu. Hilo bado linaniuma.

Vijana, acheni kujaza gesi kwa kushika bomba kwa kiganja. Vali ya upanuzi hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo geji ya chini inaweza kupendeza huku kondensa imejaa kimiminika. Na sabkulingi ikiwa chini ya kibandiko, tafuteni panapovuja kabla ya kufungua mtungi.

Lakini ikiwa kiyoyozi cha mteja wa Tanga ni kile cha ukutani, kipimo hiki hakitamfaa, kwani katika vingi vya aina hiyo upanuzi hufanyika kwenye kasha la nje, na mabomba yote mawili yaendayo ndani huwa ya shinikizo la chini. Hapo anapaswa kuitoa gesi yote, kuziba panapovuja, kuvuta hewa kwa pampu, kisha kujaza kwa mizani gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko.